Kiwanja cha Mteremko na Mashine Mbili

Mtu asimamaye Kamembe na kutazama upande wa magharibi huliona ziwa Kivu chini yake, na ng'ambo ya pili huziona nyumba za Bukavu zimejipanga juu ya vilima. Akiwa mgeni, atasema kwamba mandhari hayo yanapendeza. Mwenye kiwanja hana nafasi ya kusema hivyo, maana macho yake yamo kwenye udongo. Katika mji huu, ambao wazee wengi bado wanauita Cyangugu ingawa wilaya imekuwa ikiitwa Rusizi tangu mwaka 2006, ni shida kupata mahali pa kujenga pasipoteremka. Kabla ya jiwe la kwanza la msingi kulazwa, sharti mlima ukatwe.

Mjane mmoja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivuka mto Rusizi mara mbili au tatu kwa juma kwenda kufanya biashara ya vitenge Bukavu, alikinunua kiwanja cha namna hiyo kidogo kidogo, kwa fedha ya akiba. Upana wake ulitosha nyumba ya vyumba vitatu. Juu yake palikuwa na barabara ya udongo. Chini yake palikuwa na nyumba ya mzee mmoja mstaafu, ambaye masika yaliyotangulia aliamka usiku akakuta tope limeingia jikoni mwake kutoka kwenye ujenzi wa mtu mwingine. Mzee huyo hakuwa mgomvi. Lakini siku mama huyo alipokwenda kumwamkia kama jirani mpya, alimwonyesha alama ya tope ukutani, akamwambia kwa upole, "Mama, karibu sana. Ninaloomba ni moja tu: udongo wako ubaki kwako."

Maneno hayo mama huyo aliyabeba moyoni kuliko bei ya kiwanja.

Mwezi wa Agosti ulipokaribia kwisha, aliwaita watu wawili wamshauri, kwa kuwa mvua za Septemba hazingojei mtu. Mmoja alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, kijana mchangamfu aliyekuwa amekaa muda huko Bugarama. Wa pili alikuwa mwashi wa makamo ambaye mikono yake imejenga kuta nyingi za mawe katika vilima vya Kamembe. Wote wawili walikubaliana kwamba kazi ipewe mashine badala ya jembe na sururu pekee. Walichotofautiana ni mashine ipi.

"Shemeji," alisema kijana, "ile ya Bugarama nimeiona kwa macho yangu. Ndoo yake moja ni toroli sita. Kabla jua halijawa kali kiwanja chote kitakuwa sawa kama meza."

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Bwana, mimi sibishani na macho yako. Lakini ile ni mashine ya kubeba, na mama hapa anataka kuchimba."

Huenda mabishano mengi ya namna hii yanatokana na majina. Mitaani mashine za udongo, ziwe kubwa au ndogo, huitwa kijiko, na wengine huziita zote katapila. Mtu akiagiza kijiko bila kueleza, asishangae kuletewa asichokitaka. Kwa hiyo yafaa kuzitenganisha. Eskaveta ndogo ni ile yenye mkono mrefu uliokunjwa kama wa mtu anayekula, na ndoo nyembamba mwishoni. Hutembea juu ya minyororo ya mpira, na sehemu yake ya juu, alipoketi dereva, huzunguka duara zima huku minyororo imesimama palepale. Loda ndogo ina mikono miwili mifupi ubavuni na ndoo pana mbele, karibu upana wa mashine yenyewe. Huingia kwenye rundo kwa kusukuma, huinua, hurudi nyuma, hugeuka na kwenda kumwaga.

Asili ya mashine hizi inaeleza tabia zake kuliko matangazo ya wauzaji. Loda ndogo ilizaliwa kwenye banda la bata mzinga. Mwaka 1957, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Keller walimtengenezea mfugaji mmoja kigari cha magurudumu matatu cha kuzolea samadi, kidogo kiasi cha kupita kati ya nguzo za banda. Kutokana na kigari hicho zilikuja zile za magurudumu manne zilizopewa baadaye jina la Bobcat, jina ambalo limeenea hata watu huiita hivyo loda yoyote ndogo. Eskaveta ndogo ilitokea Japani, nchi ya milima na viwanja vya kubanana, ambako kampuni ya Takeuchi iliitoa ya kwake mwaka 1971 ili kuwapunguzia wajenzi taabu ya kuchimba misingi ya nyumba kwa sururu. Basi moja ilianza maisha yake juu ya sakafu iliyo sawa, na nyingine ilianza pembeni mwa nyumba za watu. Mwenye kiwanja cha Kamembe angeweza kuishia hapo na kuchagua, lakini shemeji mtu hakuridhika, na kwa kweli alikuwa na hoja.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa mwendo. Eskaveta ndogo hutambaa. Mtu anayetembea taratibu huipita. Loda hukimbia kama mtu anayekwenda mbio za wastani. Ikiwa udongo unatakiwa kutoka hapa kwenda kule, hata kama kule ni hatua thelathini tu, eskaveta haina la kufanya zaidi ya kuumwaga ubavuni mwake, lakini loda huubeba hadi unapotakiwa na kuutandaza. Loda ya tani tatu hubeba kiasi cha kilo mia nane kwa safari moja, na huinua ndoo juu ya ubavu wa lori dogo na kumwaga humo. Huko Bugarama, bondeni, karibu na mahali penye mwinuko mdogo kuliko pote Rwanda, ambapo mto Rusizi uko kwenye kiasi cha mita 950 juu ya bahari, mashine hii haina mpinzani. Kutandaza changarawe uani, kusawazisha sakafu ya kuanikia mpunga, kuondoa rundo la mchanga lililomwagwa mlangoni, kupakia mawe: kazi za siku mbili za vibarua watano humalizika kabla ya chakula cha mchana. Kijana hakusema uongo juu ya alichokiona.

Lakini kutoka bondeni hadi usawa wa ziwa ni kupanda zaidi ya mita mia tano, na mashine iliyofaa kule haikuahidi chochote huku. Loda ya magurudumu haina usukani wa kukunja magurudumu. Hugeuka kwa kuyafanya magurudumu ya upande mmoja yaende polepole kuliko ya upande wa pili, na yote manne huburuzwa. Juu ya saruji huacha alama nyeusi. Juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi ulioloa huchimba mashimo na kuteleza. Ziko za minyororo zinazovumilia tope, ila hata hizo haziondoi jambo lililo zito zaidi, yaani mizani. Injini ya loda iko nyuma. Ndoo ikiwa tupu, uzito wote uko nyuma. Ndoo ikijaa, uzito huhamia mbele. Kwa sababu hiyo madereva wazuri hufuata kanuni kwamba upande mzito uelekee mlimani daima: tupu, hupanda kinyumenyume; ikiwa na mzigo, hupanda kwa mbele na kushuka kinyumenyume, ndoo ikiwa chini karibu na ardhi. Kugeuka katikati ya mteremko huku ndoo imeinuliwa ni kuomba msiba. Na kazi ya loda yote ni kugeuka.

Eskaveta nayo si malaika. Ikizungusha ndoo iliyojaa upande wa bondeni, inaweza kuinama. Dereva asiye makini huchimba chini ya minyororo yake mwenyewe, na mkia wa mashine unapozunguka humgonga aliyesimama nyuma akitazama. Hata hivyo, ina faida moja ambayo kwenye mteremko inazidi zote: ikishajitengenezea kituo cha kusimama na kushusha bamba lake la mbele likashika ardhi, haihitaji kutembea. Husimama mahali pamoja, ikachimba mbele na kuweka udongo nyuma. Ile ya tani moja na nusu au mbili hushuka kiasi cha mita mbili na robo kwenda chini, na upana wake ni kama mita moja. Loda ya kawaida ni pana zaidi ya mita moja na nusu. Njia ya kuingilia kiwanjani, kati ya ua wa minyaa na ukuta wa jirani wa juu, fundi aliipima kwa futi yake: mita moja na sentimita arobaini.

"Ua tutauomba wakate," alisema shemeji.

"Waombe," alisema mama, "lakini kwanza niambieni udongo utakwenda wapi."

Swali hilo liligeuza mazungumzo. Mpaka hapo wanaume wawili walikuwa wakizungumzia mashine. Mwanamke alikuwa bado anazungumzia jiko la mzee wa chini.

Fundi alichukua mpira mwembamba unaopenyesha mwanga, akaujaza maji, akamkabidhi kijana ncha moja aishike juu ya kiwanja, yeye akashuka na ncha ya pili. Maji husimama usawa mmoja pande zote mbili, na hakuna dereva wala mwenye mashine awezaye kubishana nayo. Waliona kwamba katika mita nane ambazo nyumba ingezichukua kutoka mlimani kwenda bondeni, ardhi ilishuka mita mbili na sentimita arobaini. Nyumba ingekuwa na urefu wa mita kumi kufuata mgongo wa kilima.

Ikiwa kiwanja chote kingekatwa hadi usawa wa chini, kama kijana alivyowaza, ukuta wa udongo nyuma ya nyumba ungekuwa na kimo cha mita mbili na sentimita arobaini, mrefu kuliko mtu, na udongo wa kuondoa ungekuwa mita za ujazo 96. Tena udongo ukichimbuliwa huvimba. Kila mita nne hugeuka kuwa tano au zaidi. Zingekuwa mita 120 za udongo uliofumuka, safari ishirini za lori la mita sita. Lori lenyewe lisingeweza kupita kwenye njia ile. Basi udongo ungesukumwa chini, na chini palikuwa kwa mzee.

Njia ya pili ilikuwa kukata nusu ya juu na kuijaza nusu ya chini. Hapo kimo cha ukingo wa nyuma hupungua kuwa mita moja na sentimita ishirini, kimo ambacho ukuta wa mawe wa kawaida hukizuia, na udongo wa kukata huwa mita za ujazo 24. Robo ya ule wa kwanza! Wala hakuna hata toroli moja inayohitaji kutoka kiwanjani, kwa sababu kinachokatwa juu ndicho kinachojaza chini. Watu wengi huhangaika na bei ya mashine kwa saa, kumbe nusu saa ya mpira wa maji ingewapunguzia saa zenyewe.

Kwa kazi ya mita 24 hata hizo mashine si lazima. Kibarua mwenye afya, katika udongo wa wastani, huchimba kama mita tatu kwa siku. Watu wanne wangemaliza kuchimba kwa siku mbili au tatu. Vilima vya Rwanda vimekatwa ngazi kwa majembe, na barabara nyingi za mitaa zimefunguliwa kwa umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi bila injini kunguruma. Fundi alilisema hilo waziwazi, ingawa kijana alikunja uso. Lakini palikuwa na kazi nyingine mbili. Shimo la choo lilitakiwa kushuka zaidi ya kimo cha mtu, na handaki la msingi wa upande wa bondeni lilipaswa kufika kwenye ardhi ngumu. Hapo ndipo fundi alipotaka mashine, wala si kwa ajili ya haraka. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Ukuta wa shimo ukimporomokea mtu hadi kifuani, hawezi kuvuta pumzi hata kama kichwa chake kiko nje. Afadhali ndoo ya chuma itangulie kuingia.

Kuhusu msingi hakutaka mjadala. Udongo wa kujaza, hata ukishindiliwa vizuri, si ardhi ya kuzaliwa. Nyumba ikiegemea nusu juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya udongo wa kujaza, itapasuka katikati baada ya misimu michache, na katika nchi hii kuna jambo la kuongeza. Siku ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko liliitikisa Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, likaua watu na kuangusha majengo, makanisa yakiwemo. Wenye umri wa kukumbuka hawahitaji kuelezwa kwa nini mawe ya msingi wa chini yapite udongo wa kujaza na kushika ardhi ngumu iliyo chini yake, hata kama ni ghali.

"Basi ni eskaveta," alisema mama.

"Siku moja tu, Mama," alijibu fundi. "Zaidi ya hapo utakuwa unamlipa dereva atazame."

Shemeji alijaribu mara ya mwisho. Alisema loda nyingine hufungwa mkono wa kuchimbia mahali pa ndoo, na kwamba ziko zile kubwa za manjano zenye ndoo mbele na mkono nyuma, ambazo hufanya kazi zote mbili. Ni kweli. Lakini mkono uliofungwa kwenye loda hauwezi kuzunguka duara zima, na ile ya manjano ina uzito wa tani nane hivi na isingepita hata kama minyaa yote ya mtaa ingekatwa. Kijana alicheka, akakubali, na ndiye aliyepewa jukumu la kwenda kupatana bei, kwa kuwa anajua kusema na watu.

Katika mapatano hayo bei ya siku ni sehemu tu ya hesabu. Mashine hizi haziendi barabarani kwa miguu yake. Hubebwa juu ya lori, na mashine itokayo Kigali hupita Huye na msitu wa Nyungwe, safari ya zaidi ya kilometa mia mbili. Yafaa kuuliza nani analipa lori la kuja na la kurudi, nani ananunua dizeli, saa zinaanza kuhesabiwa mtambo ukishuka au ukiwasha, na mvua ikinyesha siku hiyo hasara ni ya nani. Yafaa pia kuuliza ndoo zipi zinakuja. Kwa handaki la msingi wa sentimita sitini, ndoo ya sentimita hizo huliacha safi. Ndoo pana ya kusafishia hulifanya kuwa shimo la kujazwa mawe yasiyo na kazi. Kijana aliyauliza yote, akayaandika, akapata mashine iliyokuwa imemaliza kazi nyingine upande huohuo wa wilaya, na hivyo gharama ya lori ikagawanywa.

Mashine ilishuka saa moja na nusu asubuhi. Fundi alikwisha kufunga kamba kuzunguka kiwanja, kwa kuwa watoto wa mtaa mzima walikuwa wamefika kabla yake. Alikuwa pia amechimbua kwa mkono mahali ambapo bomba la maji la jirani lilisemekana kupita. Lilikuwapo kweli, hatua mbili kutoka lilipodhaniwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuparua udongo mweusi wa juu na kuuweka pembeni kwa bustani, maana udongo wenye mizizi haushindiliki. Kisha ilichimba handaki la chini, minyororo ikielekea mlimani, bamba likiwa limeshika ardhi. Kila dereva alipotaka kumwaga udongo kwenye ukingo wa handaki, fundi alimwonyesha kwa mkono: mbali zaidi, hatua moja nzima, usije ukarudi ndani. Kutoka saa nne hadi saa tisa ilikata ukingo wa juu, na udongo wote ukalundikwa katikati ya kiwanja. Saa ya mwisho ilikuwa ya choo. Ilipofika kwenye mwisho wa mkono wake, dereva alizima injini na kusema kwamba kilichobaki ni cha sururu.

Mzee wa chini alikaa kitini mlangoni pake tangu asubuhi, bila kusema neno.

Siku zilizofuata zilikuwa za watu. Waashi walijenga ukuta wa chini kwa mawe na saruji, wakiacha matundu ya kutolea maji, na vibarua wanne wakahamisha rundo kwa toroli, karibu safari mia tano, wakitandaza tabaka la sentimita ishirini na kulishindilia kwa magogo mazito kabla ya kuleta jingine. Rundo lilifunikwa turubai kila jioni. Mama alikuja akitoka mpakani, akavua viatu, akapita juu ya udongo mpya akiujaribu kwa visigino. Mahali pawili aliamuru pashindiliwe upya, na fundi hakumpinga.

Mwishoni udongo ulizidi kidogo, kama toroli arobaini. Shemeji alitaka kumwita mwenye loda auchukue. Lakini mzee mstaafu alikuwa amepanda hadi kiwanjani, fimbo mkononi, akautazama ukuta mpya na mfereji uliochimbwa kupeleka maji kando, kwenye korongo la mtaa. Akauliza kama udongo ule unauzwa.

"Unauzwaje, Mzee?" alisema mama. "Uliniambia udongo wangu ubaki kwangu."

"Nyuma ya jiko langu pana shimo," alisema mzee. "Lilichimbwa na maji yale ya masika."

Vibarua waliushusha kwa toroli, wakipitia njia ya pembeni, na mzee akasimama nyuma ya jiko akiwaonyesha kwa fimbo pa kumwaga. Mvua ya kwanza ilinyesha juma lililofuata, usiku. Asubuhi mama alikwenda kiwanjani kabla ya kuvuka mpaka, akakuta matundu ya ukuta yanatoa maji meupe, na mzee ameshafika, ameinama anayachunguza moja baada ya jingine.